Fufu ya Namungo

Tangu nirudi Mbagala mmenisimamisha njiani kila mmoja kwa wakati wake, mkiuliza ilikuwaje, na kila mmoja nimempa kipande tu. Matokeo yake wengine wanadhani nilikwenda machimboni kutafuta dhahabu, wengine wanadhani nilifiwa, na mwenzangu mmoja wa kwaya anaamini nilifika Ghana. Ghana sikufika. Nilikwenda kwetu Nachingwea, kisha Ruangwa, nikimsindikiza mama mmoja wa Kighana. Habari za vibali na ofisi nitaziruka, maana zilinichosha hata wakati ule.

Mama Abena nilikutanishwa naye baada ya misa. Alikuwa amefikia kwa ndugu zake wanaofanya kazi hapa Dar, nao hawakupata ruhusa ya kusafiri. Alihitaji mtu anayejua Kiingereza na anayezijua njia za kusini. Kiingereza changu ni cha hotelini, cha siku nilizokaa mapokezi kabla sijaanza ushonaji, lakini kilitosha. Mwanawe, Yaw, alikuja Tanzania kuchimba dhahabu, akaishi huku miaka kadhaa, akafa kwa malaria. Rafiki yake aliyepiga simu kutoa taarifa alisema wameshamzika, na baada ya hapo namba ile haikupatikana tena. Jina la mahali alilokuwa nalo mama ni Nachingwea tu, kwa sababu ndiko Yaw alikokuwa akishukia basi kila anapotoka Dar.

Alikuja kumchukua. Kwao, alinieleza, mtu hazikwi kesho yake. Mwili husubiri wiki, hata miezi, mpaka ukoo ukusanyike, watu wavae nyeusi na nyekundu, waimbe, wapikiwe. Yaw alizikwa na watu ambao mama yake hakuwahi kuwaona, kabla yeye hajajua kama amekufa. Kaka wa Mama Abena ndiye msemaji wa ukoo, na alimwambia waziwazi asirudi mikono mitupu.

"Nikirudi bila mifupa yake," alisema, "nitakuwa nimekuja kutembea."

Njia ya kusini

Mama Abena ni mrefu, mnene kiasi, amevuka sitini, na huketi wima ndani ya basi kama aliye kanisani. Alikuwa na begi moja na kapu. Ndani ya kapu mlikuwa na chupa ya shito, pilipili yao nyeusi inayokaangwa kwa mafuta mengi pamoja na samaki wakavu wa kusaga, na aliilinda chupa ile kuliko pasi yake ya kusafiria.

Tulipopita Kibiti tairi likapasuka. Dereva alishusha tairi la akiba, akalibonyeza kwa kiatu. Nalo halikuwa na upepo. Tukakaa kando ya barabara hadi jua likawa utosini. Akina mama wa pale wakatuletea mihogo ya kukaanga, na hapo ndipo chupa ikafunguliwa kwa mara ya kwanza. Mama Abena alichovya kipande cha muhogo, akala, kisha akamnyooshea chupa abiria wa pembeni, fundi redio aliyekuwa anarudi Masasi. Yule fundi akaonja, akakohoa, akaonja tena.

"Dada, muulize mama hii inapatikana wapi."

Nikauliza. Akajibu kwamba inapatikana jikoni kwake, nje kidogo ya Kumasi, na kwamba fundi anakaribishwa. Fundi akasema ni mbali. Mama akasema yeye ametoka huko huko na bado anatembea.

Shito ilimfungua mdomo. Akaniambia kwamba kila Yaw alipopiga simu yeye alimuuliza swali lile lile, kwamba amekula nini. Yaw alikuwa akimjibu kwamba kule aliko kuna mahali anakula fufu, chakula chao cha muhogo na ndizi vya kutwangwa, kila Jumamosi.

"Nikamwambia, Yaw, usinidanganye ili nipate usingizi. Fufu gani huko kwa watu wasioijua?"

Mimi nimezaliwa Nachingwea na sikuwahi kuona fufu.

Basi jingine lilituchukua, likasimama tena Somanga watu wale samaki, na tuliposhuka Nachingwea taa za maduka zilikuwa zimewaka.

Kwa shangazi Theresia

Tulifikia kwa shangazi yangu Theresia, karibu na parokia. Alitupikia ugali wa muhogo na kisamvu cha karanga, akaomba radhi kwamba ni chakula cha nyumbani tu. Mama Abena alipouona ugali ule laini, wenye kunata, uso wake ukalegea. Alinawa, akakata tonge, akalichovya, akalimeza. Likafuata jingine. Shangazi alimwangalia kwa muda, halafu akaniinamia.

"Agnesi, mgeni wako hatafuni. Anaumwa jino?"

Nilipotafsiri, Mama Abena alicheka, mara ya kwanza tangu Dar. Akaeleza kwamba kwao fufu haitafunwi. Inatwangwa mpaka iwe laini kama mashavu ya mtoto, halafu inateremka yenyewe na supu. Kutafuna ni kumwambia mpishi kwamba mkono wake ni mvivu. Shangazi, ambaye hapendi kupitwa na jambo, akajaribu kumeza tonge zima. Likamkwama. Tukampiga mgongo, akanywa maji, akafuta machozi.

"Kila mtu na koo lake," akasema, akaendelea kutafuna.

Asubuhi tulianza kuuliza, stendi kwanza, kisha sokoni. Na hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo mtu wa kule hakupaswa kulifanya. Jina Yaw, wao wanalitamka kama sisi tunavyotamka Yao. Nikawa napita nikisema, "Tunamtafuta Yao, mchimbaji, amefariki." Watu wakanijibu kwa upole kwamba Wayao wapo wengi Nachingwea, niseme wa ukoo gani. Muuza mboga mmoja akafikiri sana, akasema, "Myao mchimbaji, yule aliyekufa na homa machimboni? Huyo wamemzika kwao, Kiegei."

Kila kitu kililingana: mchimbaji, homa, machimbo. Sikujiuliza neno "kwao" limeingiaje hapo. Nikamgeukia Mama Abena nikamwambia tumempata.

Kiegei

Tulipanda bodaboda mbili. Mama Abena hakuwahi kupanda pikipiki tangu usichana wake, na dereva wake alipomwambia, "Shika kiuno, bi mkubwa, usione aibu," nilitafsiri sehemu ya kwanza tu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Kwenye korongo moja maji yalikuwa yamefunika barabara, tukasubiri yapungue pamoja na watu wengine waliokuwa na magunia na kuku. Mwanamke mmoja alikuwa na beseni la ming'oko iliyochemshwa. Mama Abena alikula mizizi ile midogo akiimenya taratibu, akasema inafanana na viazi vikuu vya kwao vilivyokatazwa kukua.

Kiegei tulielekezwa kwenye nyumba yenye ua uliofagiliwa vizuri. Akatoka bibi mmoja mwembamba, Bibi Asumini, na mwanawe mkubwa aitwaye Bakari. Kiswahili cha bibi kilikuwa cha kukatakata, akikichanganya na Kiyao, kwa hiyo Bakari ndiye aliyezungumza. Nikasema, "Mama huyu ametoka mbali sana. Amekuja kumlilia mchimbaji wenu."

Walitazamana. Bibi akaingia ndani, akatoka na mkeka mpya. Nikasikia mtu nyuma ya nyumba akisema, "Mkwe kaja." Nililisikia neno hilo na sikulielewa. Tulipewa maji, tukapewa pole, kisha tukapelekwa makaburini.

Mama Abena alipiga magoti kwenye tuta lile la udongo. Alimwita mwanawe kwa lugha yao, tena na tena. Alilia kwa sauti iliyotoka tumboni, na wanawake waliotufuata wakaanza kulia naye, kwa sababu kilio kama kile hakimwachi mtu amesimama tu. Alilia mpaka sauti ikakauka. Bibi Asumini akamshika bega, akaniuliza polepole, "Na binti yake? Mke wa Ausi? Mbona hamkuja naye?"

"Ausi ni nani?" nikauliza.

Bakari akasema Ausi ni mdogo wake, ndiye huyu aliyelala hapa. Walikuwa wanadhani Ausi alioa machimboni bila kuwaambia, na kwamba huyu ni mama mkwe aliyekuja kuhani msiba. Ilinibidi kumwambia Mama Abena, kwa Kiingereza changu cha mapokezi, kwamba amelilia kaburi la mtoto wa mtu mwingine.

Alikaa chini pale pale. Hakunilaumu, na afadhali angenilaumu. Akatoa simu, akamwonyesha Bibi Asumini picha ya Yaw, kama vile bibi ndiye aliyestahili kuelezwa. Bibi aliitazama kwa karibu, akaipitisha kwa Bakari.

"Huyu si Myao," Bakari akasema. "Huyu ni Yaw Mghana. Nimechimba naye Namungo, kule Ruangwa. Kaburi lake liko huko huko. Mkifika muulizeni Mama Mwajuma, pale kwenye mgahawa wanapotwanga."

Nikamwomba radhi Bibi Asumini kwa niaba yetu sote. Alisubiri nimalize, akasema maneno machache kwa Kiyao, na Bakari akayaleta kwa Kiswahili.

"Mama anasema si hoja. Anasema, yeye amemlilia wangu, na mimi nitamlilia wake."

Tulilala kwao. Walichinja kuku, nasi hatukuweza kukataa. Mama Abena alitoa chupa ya shito, akamimina sehemu kubwa kwenye kibakuli cha bibi. Bibi alikula pilipili ile bila kukunja uso, na wale wanawake wawili, ambao hawakuwa na neno hata moja la pamoja, wakakaa jikoni kwa muda mrefu wakipepeta ufuta.

Ruangwa siku ya mechi

Tulirudi Nachingwea, tukapata gari dogo la kwenda Ruangwa, na tukaingia mjini siku ambayo hakuna mtu mwenye akili angeingia bila kuweka chumba. Kulikuwa na mechi. Barabara yote ilikuwa jezi, pikipiki zilikuwa na bendera, na kila nyumba ya wageni tuliyobisha ilikuwa imejaa. Magari ya kwenda Namungo nayo hayakuwepo, kwa kuwa madereva wote walikuwa uwanjani.

Tulikaa kwa muuza supu mmoja mpaka kipenga cha mwisho. Kijana aliyevaa jezi alimuuliza mama anatoka wapi, na aliposikia Ghana akavuta benchi, akaanza kutaja wachezaji wa Kighana waliowahi kuchezea timu za Dar, mmoja baada ya mwingine, mpaka pumzi ikamwishia. Akataka mama ampe maoni. Mama Abena akasema mmoja kati yao anamfahamu mama yake, na kwamba familia ile inapika supu nyepesi sana. Kijana akaridhika na jibu hilo.

Muuza supu alituruhusu tulale kwenye chumba cha binti yake. Asubuhi nilimkuta Mama Abena ameshavaa, amekaa kwenye ukingo wa kitanda na kapu lake magotini.

"Kama na huko Namungo si yeye," akasema, "usinifiche. Niambie kabla sijapiga magoti."

Namungo

Namungo ni mahali pa mashimo. Unaona vifusi vya udongo vyekundu na vyeupe, mashine za kusaga mawe zinazopiga kelele mchana kutwa, na katikati yake mikorosho ambayo haijali lolote. Mgahawa wa Mama Mwajuma uko chini ya paa la bati lililoegemea nguzo za miti, una mabenchi na moto wa mafiga nyuma. Sikuhitaji kuuliza kama ndio wenyewe.

Karibu na mlango palikuwa na kinu. Vinu vyetu mnavijua, ni virefu na shimo lake linaingia ndani. Hiki kilikuwa kipana na kifupi, kama beseni la mbao, na juu yake imeegemezwa miti mirefu ya kutwangia ambayo ncha zake zimechanika kama brashi. Mama Abena alisimama. Akaweka kapu chini. Akaingiza mkono ndani ya kile kinu, akauzungusha kwenye mbao mpaka alipoanzia.

Mwanamke mmoja, mnene, mdogo kuliko mimi, alitokea jikoni akifuta mikono kwenye kanga. Alikuwa na maneno ya kawaida mdomoni, kwamba karibuni, chakula bado. Akamwona aliyekuwa ameinamia kinu, akamsogelea. Alimtazama usoni.

"Mama Yaw," akasema.

Hilo halikuhitaji mkalimani. Kwao pia mama huitwa hivyo hivyo kwa jina la mwanawe.

Tuliketi ndani, na mwanamke yule, ambaye Mwajuma ni jina lake mwenyewe, akasimulia, nami nikatafsiri. Yaw alikuwa akila kwake kila siku tangu alipofika. Siku moja alimwambia amechoka na ugali, akamwomba amchemshie muhogo na ndizi mbichi. Alitwanga mwenyewe kwenye kinu cha kawaida, kikamshinda, akaenda kwa mchonga vinu wa kijiji cha jirani akamchorea kwenye vumbi umbo alilolitaka. Wachimbaji wenzake walimcheka. Halafu mmoja akaonja, akaona kwamba ukila fufu asubuhi na supu ya karanga hushikwi na njaa shimoni mpaka jioni. Tangu hapo Jumamosi ikawa siku ya fufu, kwa sababu ndizi huja na gari la Ijumaa. Yaw ndiye aliyekuwa akitwanga, na Mwajuma ndiye aliyekuwa akigeuza kwa mkono kati ya pigo na pigo, na hawakuwahi kuumizana. Sasa anayetwanga ni mdogo wake Mwajuma.

Kwa hiyo ninyi mnaoniuliza kama kusini mtu anaweza kula chakula cha Kighana, jibu ni ndiyo, na mahali ninapopajua ni hapo tu, Jumamosi tu, na ukichelewa utakuta sufuria inaoshwa.

Kuhusu kifo hakukuwa na mengi. Alishikwa na homa, akasema ni uchovu, akaendelea kuingia shimoni. Walipombeba kumpeleka hospitali alifia njiani. Hawakuwa na pa kuhifadhi mwili, na simu yake ilikuwa imefungwa kwa namba za siri, wakashindwa kuifungua. Rafiki yake mmoja alikuja kuikumbuka namba ya nyumbani baadaye. Waislamu wa pale ndio waliochimba kaburi, na katekista akaletwa kwa pikipiki akasali. Baba yake Mwajuma alitoa sehemu ndani ya shamba lake la mikorosho.

"Mwambie mama," Mwajuma akaniambia, "tulifanya tulivyojua."

Kaburini Mama Abena hakulia. Kilio chake alikuwa amekiacha Kiegei. Pamezungushiwa mawe, pamefagiliwa, na msalaba wa mbao una jina lililoandikwa Yao. Alilisoma, akalipitisha kidole, akaniuliza ni nani aliyeandika hivyo. Mwajuma akasema ni yeye. Mama akatikisa kichwa, sikujua kwa maana gani. Kisha akaniagiza nitafute watu wa kufukua. Niliwapata vijana wanne, tukapatana waje Jumapili asubuhi. Mwajuma alisikia yote. Alisema tu kwamba kesho ni Jumamosi.

Jumamosi

Mama Abena aliamka akaingia jikoni bila kualikwa. Alikagua ndizi, akakagua muhogo, akatoa vipande viwili vilivyokuwa na nyuzi. Aliwatazama Mwajuma na mdogo wake wakitwanga na kugeuza, na nilimwona akijizuia, halafu akashindwa, akachuchumaa mwenyewe mbele ya kinu. Mkono wake uliingia na kutoka kati ya mapigo kana kwamba mti ule unamsubiri. Mwajuma akarudi nyuma, akawa anaangalia. Baadaye akaniambia alikuwa anauona mkono wa Yaw, siku alipomfundisha kugeuza.

Supu ilikuwa inachemka: kuku, nyanya, tangawizi, pilipili, karanga za kusaga. Ikanukia vizuri, na mama akaonja akakubali. Ndipo Mwajuma akasogea na bakuli la tui.

"Hiyo nini?" mama akauliza.

"Nazi."

Mama Abena akaikinga sufuria kwa mkono. Alisema supu ya karanga ya kwao haiwekwi nazi. Alisema pia kwamba mwanawe hakupenda kitu chenye nazi, tangu utoto alikuwa anatema, na kwamba ikiwa wanapika kwa jina la Yaw basi wapike alivyokula Yaw. Alisema kwa ukali. Nilipotafsiri nilipunguza makali, lakini Mwajuma alikuwa amekwisha kuyaona usoni.

Alibaki ameshika bakuli.

"Dada Agnesi, mwambie polepole. Nazi aliitaka yeye. Siku moja nilichanganyikiwa na wateja, nikaitia kwenye supu yake kama ninavyotia kwenye kisamvu. Nikamwomba msamaha. Akala, akaongeza. Tangu siku ile hakula bila nazi. Akaniambia, mama yangu asijue, akisikia atanifukuza ukoo."

Nilifikiri kuacha sehemu ya mwisho. Halafu nikaona kwamba sikupelekwa kule kuchagua, nikayasema yote.

Mama Abena aliondoa mkono kwenye sufuria. Aliketi kwenye benchi, akatazama nje ambako watu walianza kufika, wamenawa uso na mikono huku mavumbi yamebaki shingoni. Kisha akasema, "Gawanyeni. Sufuria mbili."

Alikwenda kubadili nguo. Alirudi amevaa nguo nyeusi na kujifunga kitambaa chekundu kichwani, akaketi kwenye kiti mbele ya mgahawa, mikono magotini. Hakumweleza mtu yeyote la kufanya. Lakini watu waliomfahamu Yaw walielewa, au labda walimwona tu mama amekaa kama aliyefiwa, na kila aliyefika alipita mbele yake kumpa mkono. "Pole, mama." Mmoja alisema Yaw alimfundisha kufunga kamba za shimoni. Mmoja alisema bado ana deni la soka, walibishana kuhusu mechi na Yaw akafa kabla hawajamaliza. Mama mmoja muuza vitumbua alisema tu kwamba Yaw alikuwa anasalimia watu. Nilitafsiri mpaka sauti ikaanza kukwaruza, halafu nikaacha, kwa maana nilivyoona mama alikuwa anaelewa bila mimi. Katekista alifika, wakaimba. Wazee wa Kiislamu walisoma dua yao. Bakari alikuwa amepanda pikipiki tangu alfajiri kutoka Kiegei, akaleta ufuta kutoka kwa mama yake na ujumbe kwamba bibi amelia kama alivyoahidi.

Watu walikula. Mama Abena alisimama, akagawa mwenyewe kutoka sufuria isiyo na nazi, akimtazama kila mtu anavyomeza. Waliotafuna aliwaonyesha kwa koo lake namna ya kufanya. Mmoja akakwama, wenzake wakamcheka, naye mama akampiga mgongo kama vile ni wa kwake.

Sufuria yake ilipokwisha, akachukua bakuli safi. Akaenda kwa Mwajuma, akalinyoosha. Mwajuma akaniangalia mimi, mimi nikaangalia pembeni. Akamwekea tonge la fufu, akamimina juu yake supu yenye nazi.

Alikula amesimama. Alimaliza, akafuta bakuli kwa vidole, akavilamba.

"Pilipili ni kidogo," Mama Abena akasema. Baadaye kidogo akaongeza, "Lakini ninaelewa."

Aliketi tena kwenye kiti chake. Jua lilikuwa limeanza kuegemea upande wa mikorosho, na mashine za mawe siku ile zilikuwa zimezimwa. Akaniita.

"Wale vijana wa kesho. Waambie wasije."

Nilimuuliza mara mbili kama nimesikia sawasawa. Nikamuuliza na la kaka yake, aliyekuwa anapiga simu tangu asubuhi na kukatiwa, atamwambia nini.

"Kaka yangu hajaonja hii," akasema.

Wale vijana walikuwa bado wanakula kwenye benchi la mwisho. Nikaenda kuwaambia.